Nguzo za Futi Nane

9 Januari

Mpwa wangu,

Marahaba. Naitikia kabla hujaniamkia, kwa sababu najua ungekuwa hapa mlangoni ungeshaniamkia mara mbili.

Mimi mzima, ila baridi ikiingia mkono unanisumbua. Vidole viwili visivyokuwepo ndivyo vinavyouma kuliko vitatu vilivyobaki. Daktari anasema ni kawaida. Nikamuuliza, kawaida ya nani? Paa la upande wa jikoni nimeliziba. Mama yako nimemwona sokoni mara mbili tangu mwaka uanze. Amenigawia vitunguu vyake nusu, akaenda zake haraka kabla habari hazijamtangulia nyumbani. Dada yangu wa tumbo moja, tunaonana kama wezi.

Sasa nisikilize. Ile mashine yangu ndogo ya kukerezea mbao nataka kuirefusha. Kutoka kichwa chenye mota hadi kichwa cha nyuma kinachobana gogo ni mita moja tu. Humo unakereza michi, miguu ya stuli na mipini ya majembe, kazi za kumzubaisha mzee asisumbue watu. Nataka ifike mita mbili na nusu. Katika ukoo mzima fundi wa vyuma ni wewe peke yako, na wanaokucheka kwamba mwanamke hashiki chuma nimeshawajibu kwa niaba yako. Nitengenezee kitako cha kuongezea, kile chuma cha chini kinachobeba vichwa, kiungane na cha zamani kwa bolti. Kinyooke kabisa, maana chuma kikipinda unywele, mti utapinda kidole.

Ukiuliza ni ya nini, ni miguu ya vitanda. Watu wamerudia kupenda vitanda vyenye nguzo. Baba yako usimwambie. Si siri, ila sitaki maneno.

Mjomba wako

2 Februari

Mjomba, shikamoo.

Barua yako ilinikuta nahama. Chumba kipya kina dirisha linalotazama ukuta, ila ukuta wenyewe umepakwa rangi vizuri, nimeshauzoea. Karakana wamenipa mashine kubwa ya kuchongea vyuma. Wanaume wawili walinuna wiki nzima. Wa tatu alikuja kuniomba nimfundishe. Mama ameniandikia kwamba magoti yanamsumbua. Baba hakuandika mwenyewe, lakini mama anasema ana tumaini kubwa la kupewa kazi ya nguzo za ule ukumbi mpya unaojengwa huko, na tangu apate tumaini hilo ameanza tena kupiga mluzi.

Kitako nimekichonga mwenyewe, nacho kinakuja na lori la Jumatatu. Kabla hujakaza bolti, vuta uzi kutoka ncha ya kichwa cha mbele hadi ncha ya kichwa cha nyuma. Ncha zikikutana sawasawa, kaza. Zisipokutana, pachika vipande vya bati chini ya kitako mpaka zikubaliane. Usiwe na haraka, mjomba.

Nimeweka na vitu ambavyo hukuniomba. Ubao wa chuma unalala chini mbele ya mashine. Ukiukanyaga popote pale, umeme unakatika. Kisanduku kile chenye kufuli ni cha swichi ya ukutani. Ukitaka kuingiza mkono kwenye mkanda, unazima, unafunga kufuli, ufunguo unakaa mfukoni mwako wewe. Tafadhali vifunge hivyo kabla ya kitu kingine chochote. Usiniambie utavifunga kesho.

Uweke na mkono wako wa kulia juu ya karatasi, uuzungushie penseli, unitumie. Nataka kukutengenezea mipini ya patasi inayoendana na mkono huo ulivyo sasa.

Mpwa wako

24 Februari

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Kuku mmoja ameibiwa; mwizi ninamjua, naye anajua kwamba ninamjua, kwa hiyo siku hizi ananisalimia kwa sauti kubwa.

Mzigo umefika salama. Jirani yangu Cheche, yule mchomeleaji asiye na nyusi, alikuja kunisaidia kuubeba. Tulipounganisha tu, ikaonekana mashine ni ndefu kuliko chumba. Cheche akasema, "Mzee, hapa ama ukate mashine ama ukate nyumba." Tukakata nyumba. Tumetoboa ukuta, mkia wa mashine umeingia chumbani kwangu hadi miguuni mwa kitanda. Cheche amewatangazia majirani kwamba nimeoa tena, na bibi harusi ana kilo mia tatu.

Uzi nimeuvuta siku mbili. Vipande vitatu vya bati, na ncha zimekutana kama sindano mbili. Una mkono mzuri sana. Kufuli nililicheka, kisha nikalifunga. Mchoro wa mkono ndio huu.

Sasa nikuambie ukweli. Vitanda nilikudanganya. Nguzo za ukumbi ni kumi na sita, futi nane kila moja, na katika mji huu mashine inayofika futi nane ni ya baba yako peke yake. Ilikuwa. Sasa ziko mbili.

Wewe unajua nusu ya habari hii, chukua na nusu ya pili. Miaka sita iliyopita, karakanani kwa baba yako, nilizima swichi kwa mkono wangu huu, nikachuchumaa nyuma ya mashine kutoa kibanzi kilichonasa kwenye mkanda. Mashine ikawaka. Nilipopata fahamu baba yako alikuwa amenifunga mkono kwa shati lake, anasema, "Ni mimi niliyewasha, shemeji. Sikukuona." Sawa, ajali haina kinga. Angeniomba radhi ningemsamehe siku ile ile. Hakuomba. Alikuja hospitali kila siku, akakaa kwenye kile kiti cha chuma, hakuomba. Niliporudi kazini, kila nikimuuliza ilikuwaje, anatazama pembeni. Mwezi wa tatu baada ya kurudi, akaniambia mbele ya wateja, "Mkono wa vidole vitatu haukerezi. Nenda nyumbani ukapumzike."

Nimepumzika. Sasa nimeamka, nami nataka aketi nyumbani kama nilivyoketi mimi, ahesabu mbao za dari kama nilivyohesabu.

Bado vitu viwili. Kwanza, egemeo la patasi refu, la mita moja na nusu. Pili, kishikizo cha katikati chenye magurudumu matatu, cha kulikumbatia gogo refu lisitikisike kiunoni. Nguzo zinachaguliwa mwezi wa Juni. Fanya upesi.

Mjomba wako

28 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Nilipata mafua, kisha beringi za magurudumu zikawa hazipatikani, kisha karakana kukawa na kazi nyingi. Mipini ya patasi imekamilika, nimetumia mbao ngumu na kuipa kiuno mahali vidole viwili vinapokosekana. Hiyo natuma leo.

Kishikizo bado.

Mjomba, mimi ni mtoto wa huyo mtu. Nakula kwa kazi aliyoniruhusu nijifunze wakati wengine walisema anapoteza ada bure. Sikuambii uache. Sina uso wa kukuambia uache. Nauliza tu: siku ile ulimwona kwa macho yako akiwasha swichi? Na kama ungejua kwamba mambo hayakuwa hivyo ulivyoambiwa, ungefanya nini?

Mama magoti yamepata nafuu.

Mpwa wako

6 Mei

Mpwa,

Mipini imefika. Nilipoishika patasi nililia, na sioni aibu kukuandikia hivyo. Kwa miaka sita chombo kilikuwa kinanikimbia mkononi. Sasa kimetulia kama mtoto aliyeshiba.

Lakini mafua hayachukui miezi miwili, na beringi zinauzwa hata kwenye maduka ya baiskeli. Sema umeogopa.

Unauliza kama nilimwona. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya mashine, ningemwonaje? Nilisikia kutoka kinywani mwake. Mtu anajishtaki mwenyewe, unataka nilete shahidi gani? Mle ndani tulikuwa yeye na mimi. Wewe mwenyewe ulikuwa wapi siku ile? Mama yako anasema ulikuwa nyumbani unafua. Basi wa kufua aniachie mimi niliyekuwa kwenye mashine nisimulie.

Kama baba yako amekukataza, sema. Kama ni moyo wako umekukataza, sema pia, nitamtafuta fundi mwingine, na wewe nitaendelea kukuita mpwa. Ila usinizungushe. Nimezungushwa na baba yako inatosha.

Mjomba wako

25 Mei

Mjomba, shikamoo.

Kishikizo na egemeo vimo kwenye sanduku la mbao. Magurudumu nimeyavika ngozi yasiache alama kwenye mti. Kaza kila baada ya nguzo mbili.

Hakuna aliyenikataza.

Mpwa wako

30 Agosti

Mpwa wangu, fundi wangu, mkono wangu wa kulia,

Kaa chini ndipo usome.

Msimamizi wa ujenzi wa ukumbi ni mama mmoja mfupi, miwani yake imefungwa kamba. Alitaka kila fundi alete nguzo moja ya mfano. Wengine walileta za vipande vilivyogundishwa, akazirudisha bila kuzishusha garini. Zikabaki mbili, yangu na ya baba yako. Akazilaza chini kwenye mchanga, akavua viatu, akapiga magoti, akapitisha kiganja toka juu hadi chini, macho ameyafumba. Kwa baba yako kiganja kilipofika katikati kikapanda na kushuka, maana gogo lilimtikisikia. Zamani nilikuwa nikilishikilia mimi kwa kipande cha ngozi. Kwangu kiganja kikapita kama juu ya maji.

Akauliza, "Hii iliyotulia ni ya nani?"

Nikainua mkono wa kulia. Ule ule. Nikauacha juu, kila mtu ahesabu vidole.

Baba yako akaitazama nguzo yangu toka ncha hadi ncha. Akasema, "Kazi nzuri, shemeji." Basi! Hata kukasirika hakujua. Nilitaka apige kelele, anitukane, nimjibu mbele za watu maneno niliyoyapanga miaka sita. Akabeba nguzo yake begani, akaenda.

Nikasema, kama hilo halikuuma, nitafute linalouma. Nguzo kumi na sita nimezimaliza na zimesimama. Halafu nikapita kwa wateja wake mmoja mmoja, nikimsema. Mwenye duka la vitanda nimemchukua. Mwenye viti vya shule nimemchukua. Hata mama wa michi, ambaye hakuwahi kuagiza zaidi ya michi kumi, nimemfuata hadi kwake. Sikumwachia hata wa dawa. Wiki mbili zilizopita akauza mashine. Aliyeinunua hakuitaka kwa kazi, aliitaka kwa chuma chakavu. Wakaikatakata pale pale uani kwake. Nilibeba stuli yangu nikaenda kukaa ng'ambo ya barabara, nikatazama hadi kipande cha mwisho.

Nililala usingizi mtamu siku ile kuliko siku yoyote tangu wauguzi wanivue bandeji.

Mama yako amekuja mlangoni kwangu, kwa mara ya kwanza katika miaka sita. Hakuingia. Akaniuliza, "Umefurahi?" Nikamjibu, "Sana." Akageuka.

Atazoea. Mbona mimi nilizoea.

Mjomba wako

14 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Leo sina habari za chumba wala za kazi.

Ni mimi niliyewasha.

Nilikuwa nimemaliza shule, nakaa nyumbani nasubiri matokeo. Simu yangu ilikuwa imezimika, na umeme wa nyumba ulikuwa umekatika, ila karakana ya uani ina laini yake. Nikaja karakana kwa mlango wa nyuma kuichaji. Nikachomeka, haikuingia chaji, nikaona swichi kubwa imezimwa. Nikaipandisha. Sikukuona, mbao zilikuwa zimepangwa juu kati yangu na wewe. Nilikusikia. Mpaka leo nakusikia.

Baba alikuwa nje anashusha mbao. Aliingia mbio, akakuona, akaniona na mkono wangu bado uko kwenye swichi. Akanisukuma nje. Akasema, "Nenda nyumbani, loweka nguo, fua. Hukuwa hapa." Nikaenda nikafua. Nilifua nguo safi, mjomba. Mama hajui hadi leo.

Ulisema angekuomba radhi ungemsamehe. Nilimuuliza mara moja kwa nini hakuomba. Alisema hawezi kuomba msamaha wa kosa ambalo si lake, huo utakuwa uongo wa pili, na wa kwanza tu unamshinda kuubeba. Lakini kukuambia nilikuwa mimi pia hakuweza, kwa sababu ulikuwa ukinipenda kuliko watoto wote wa ukoo, na alitaka nibaki na hilo.

Uliponiandikia Januari nilifurahi. Nikasema, hatimaye nimepata njia ya kumrudishia mjomba mkono wake. Ulipoandika ni ya nini, nilitakiwa kusema siku ile ile. Miezi miwili niliandika barua hii kila Jumapili na kuichana. Halafu uliponiuliza nilikuwa wapi, nikatuma kishikizo ili nisijibu swali. Nimekuacha umvunje baba yangu kwa vyombo nilivyovichonga mwenyewe, kwa kosa langu mwenyewe.

Hasira yako yote ni yangu. Niletee.

Mpwa wako, kama bado unaniita hivyo

3 Desemba

Kwako,

Salamu utazipata siku nyingine.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Kwa siku kumi sikuwasha mashine. Kama ungekuwa karibu siku zile ningekufanyia jambo baya; namshukuru Mungu kwa umbali. Baada ya siku kumi nilikwenda kwa baba yako.

Nilimkuta uani anapiga randa ubao kwa mkono, anatengeneza benchi la mtu. Pale ilipokuwa mashine pamebaki matundu manne ya bolti kwenye sakafu. Nikamwambia, "Mwanao ameniandikia."

Randa ikasimama. "Ameandika nini?"

"Yote."

Akapangusa vumbi la mbao kwenye ubao, akasema, "Mjinga yule. Nilimwambia asiseme."

Nikamuuliza, "Basi kwa nini ulinifukuza kazini?"

"Kila asubuhi uliingia na swali lile lile. Iliwakaje, ulikuwa umesimama wapi, ulikuwa unataka nini kwenye swichi. Mimi si mtu wa uongo, shemeji. Ningekujibu mara tisini na tisa, ya mia ningekosea. Nikatafuta neno ambalo ukilisikia hutarudi tena."

"Na nilipokuwa nakuchukulia wateja? Na nilipokuja na stuli yangu kukutazama?"

"Ningesema nini? Niseme unamlipizia asiyehusika? Ungemgeukia anayehusika."

Nilitaka kumwambia nisingekugeukia. Nikaliacha, kwa sababu si kweli. Ningekugeukia. Ningekutangaza mji mzima.

Mama yako alikuwa dirishani, amesikia. Alitoka, akatutazama mimi na mumewe, akasema, "Miaka sita mmenitenga na ndugu yangu, kila mtu kwa sababu yake nzuri." Akarudi ndani. Hasemi na sisi wote wawili. Na wewe jiandae, zamu yako inakuja.

Nilimwomba shemeji aje tufanye kazi kwangu. Akasema hajawa maskini kiasi cha kukereza nguzo chumbani kwa mtu miguu ikiwa chini ya kitanda. Nikaondoka. Nikamtafuta mwenye duka la vitanda na mwenye viti vya shule, nikawaambia niliyowaambia juu ya shemeji yangu niliyasema kwa kinyongo, na kazi yake haina dosari. Mmoja alinisikiliza. Mwingine aliniambia nimezeeka vibaya. Yule mama wa michi alinifungia mlango. Jina la mtu kulivunja ni wiki tatu. Kulijenga sijui.

Jumamosi iliyopita nilimwita Cheche. Tumefungua bolti zote, kitako chako tumekitenga na cha zamani, tumepakia kila kitu kwenye mkokoteni. Sikumwuliza baba yako. Nilifika, nikaanza kushusha. Alisimama mlangoni mikono nyuma, anatazama tunavyohangaika na kilo mia tatu, hasaidii. Tulipoisimamisha alikuja akaizunguka. Akaweka kidole kwenye kiungio, akakipitisha mara mbili, hakuhisi mwanya. Akauliza, "Nani aliyechonga hiki?"

Nikamwambia, "Unamjua."

Akainama tena, akachungulia kiungio. Akasema, "Hapo pana giza. Isogezeni dirishani."

Yule msimamizi mfupi ameleta kazi ya ngazi, nguzo ndogo sitini na kubwa nne. Baba yako haoni tena vizuri mistari ya penseli, alikuwa akikuficha. Mimi mkono wangu unaujua. Kwa pamoja tunapata fundi mmoja na robo. Jana tumegombana kuhusu kunoa patasi hadi majirani wakaja, na kwa mara ya kwanza amenitukana. Nilimjibu kwa yale maneno niliyoyapanga, nusu yake nikawa nimeyasahau.

Anasema nikuandikie kwamba yamekwisha. Kwake labda. Mimi nililipiza kisasi vizuri, kwa raha zangu zote, kwa mtu ambaye hakunikosea. Hilo ni langu, nitalala nalo. Lakini la kwako ni lako. Sijakusamehe, na sitaki uniandikie barua nyingine ya kuniomba.

Omba likizo. Njoo na nguo za kazi.

Mjomba wako